Mwongozo Kamili: Kuandika Riwaya ya Watoto ya Urafiki na Mchezo wa Nyimbo, Hadi Msomaji Ausikie Wimbo

Miswada ninayoletewa hapa Lamu hukwama mahali pamoja. Watoto wawili ni marafiki, shule yao inaandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, wanagombana, wanapatana, wazazi wanapiga makofi. Kila kitu kipo. Lakini ukifika kwenye wimbo, jicho linauruka kama mguu unavyoruka dimbwi. Mistari imesimama peke yake katikati ya ukurasa, na hadithi inaendelea baada yake kana kwamba hapana aliyeimba.

Chanzo ni kimoja: wimbo haujapewa kazi. Katika mchezo wa nyimbo, mtu huimba pale maneno ya kusema yanapomshinda, na akinyamaza kuna jambo limebadilika baina yake na mwenzake. Kipimo changu ni hiki, na tutakitumia mpaka mwisho: funika wimbo kwa kiganja, kisha usome sura bila huo wimbo. Ukiona urafiki umebaki vilevile, wimbo huo haufanyi kazi.

Mwongozo huu ni wa riwaya ya wasomaji wa miaka 9 hadi 12. Napendekeza maneno 20,000 hadi 25,000, yaani sura 14 za maneno 1,600 hivi kila moja. Mfano nitakaoutumia nimeutunga mwenyewe: Somoe wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na Kadzo, msichana wa Kigiriama aliyehamia kijiji jirani cha Shela na baba yake kutoka upande wa Malindi. Wote wako Gredi ya Sita.

## Vifaa

- Madaftari mawili. Moja la hadithi, moja la nyimbo tu. Ukiyachanganya utaanza kutunga nyimbo katikati ya sura, kwa haraka, na haraka hiyo itaonekana.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Twari, au sinia, au kopo la maziwa. Kitu cha kupiga mapigo.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo pamoja na tarehe za kawaida.
- Karatasi moja kubwa ya kuchora ratiba ya mazoezi.
- Watoto wanne au watano wa kuwasomea. Wasiwe wanao peke yao, maana mtoto wako atakuhurumia.

## Hatua ya 1: Tafuta kitu kimoja ambacho wawili hawawezi kukigawana

Waandishi wengi huanza na nafasi ya mhusika mkuu: wasichana wawili, nafasi moja, wivu. Si vibaya, ila msomaji amekwisha kuiona mara nyingi, na mara nyingi mmoja huwa mwema na mwingine mbaya. Hapo urafiki umekufa kabla ya sura ya tatu.

Tafuta kitu ambacho kila mmoja ana haki nacho. Katika mfano wetu, Kadzo ndiye aliyeutunga wimbo, akiwa anatembea kutoka Shela kwenda shule. Ni kama kilomita tatu, njia ndefu ya kutosha kutunga. Somoe ndiye mwenye sauti. Mwalimu anausikia wimbo kinywani mwa Somoe, anaupenda, anauweka kwenye mchezo, na Somoe anachelewa siku moja kusema ni wa nani. Siku moja tu. Baada ya hapo, kila siku inayopita kusema kunakuwa kuzito zaidi.

Wimbo ni wa aliyeutunga au wa aliyeufanya usikike? Mimi mwenyewe nikiulizwa nasita. Kusita huko ndiko kutakakoendesha sura 14.

Tahadhari: usimpe mmoja umaskini na mwingine utajiri ili msomaji ajue wa kumhurumia. Ni njia ya mkato, na watoto huigundua.

Umefaulu ukiona: ukiwasimulia watoto kisa hiki kwa dakika mbili na kuwauliza nani ana haki, wanagawanyika na kuanza kubishana wao kwa wao.

## Hatua ya 2: Uandike mchezo wa ndani kwenye ukurasa mmoja

Msomaji hauhitaji mchezo mzima, lakini wewe unauhitaji. Usipoujua, wahusika wako watafanya mazoezi ya kitu kisichokuwepo, na utajikuta unaandika "walifanya mazoezi sana" kila sura.

Ukurasa mmoja unatosha: nani, anataka nini, nani anazuia, wanaimba wapi, kunaishaje. Chukua jambo la hapahapa ambalo mtoto anaweza kulifanya kwa karatasi na gundi. Mimi nimechagua siwa, lile baragumu kubwa la kale. Lamu ina siwa ya shaba, Pate ina ya pembe ya ndovu, na mtoto aliyewahi kuingia makumbusho ya Lamu anazijua kwa macho. Siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni, si la mwishoni. Jambo dogo kama hilo huwapa waigizaji kitu cha kukosea: mtoto atakayeipuliza ya karatasi kama tarumbeta atachekwa na bibi yake.

Mchezo wetu: watoto wawili wanaivusha siwa usiku kutoka kisiwa jirani cha Manda, mkondo unavuta, na mmoja hawezi kupiga kasia na kushika siwa kwa wakati mmoja. Lazima amwamini mwenzake. Mchezo wa ndani unasema jambo lilelile ambalo urafiki wa nje unashindwa kulisema. Ufanano uishie hapo. Ukiwafanya Somoe na Kadzo waseme kwamba maisha yao yanafanana na mchezo, umemnyima msomaji raha ya kuliona mwenyewe.

## Hatua ya 3: Chora ratiba ya mazoezi kabla ya sura

Mazoezi ndiyo mifupa ya riwaya ya namna hii. Chukua karatasi kubwa, gawa wiki sita:

1. Kusoma mchezo wakiwa wameketi.
2. Kujifunza nyimbo.
3. Nyimbo tena, bila karatasi.
4. Nyimbo pamoja na mwendo jukwaani.
5. Mchezo mzima bila kusimama.
6. Maleba, taa, onyesho.

Nyimbo hutangulia mwendo kwa sababu mwili ukianza kutembea huiba pumzi. Mtoto aliyeuimba wimbo vizuri akiwa ameketi atakatika katikati ya mstari siku ya kwanza ya kutembea. Mwandishi asiyelijua hili humfanya mhusika aimbe, acheze na abebe siwa siku ya kwanza, na mtoto yeyote aliyewahi kushiriki tamasha la drama la shule anajua si kweli.

Ugomvi mkubwa uweke wiki ya nne. Hapo ndipo Kadzo anapoona wimbo wake umepata miguu na mikono ya mtu mwingine.

Sasa juu ya ratiba hiyo weka siku ya kweli ya mtoto wa Lamu. Kuna shule, kuna chuo cha Kurani, kuna magharibi ambayo lazima imkute nyumbani. Mazoezi yanabaki na nafasi finyu baada ya alasiri, na ufinyu huo ni zawadi kwako, kwa kuwa watoto hawatakuwa na muda wa kumaliza maneno yao. Ugomvi utakatwa na adhana, na watalala nao.

Kisha weka maji. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50. Yakiwa yamejaa saa kumi jioni Jumatatu hii, Jumatatu ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yametoka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakijaa hula njia ya ufuoni ya Shela, na Kadzo hana budi kupita juu au kutafuta mashua. Basi kuna siku atachelewa mazoezi bila kosa lake, na siku hiyo ndiyo Somoe atauimba wimbo mbele ya mwalimu. Nimeona miswada ambayo mtoto huchelewa "kwa bahati mbaya". Kwetu bahari ina ratiba. Itumie.

Umefaulu ukiona: unaweza kuweka kidole kwenye siku yoyote ya wiki sita na kusema maji yako wapi, mtoto yuko wapi na amevaa nini.

## Hatua ya 4: Tunga nyimbo tatu, na mbili kati yake ziwe moja

Nyimbo kumi ni za jukwaani. Kitabu hakina mpiga kinanda wa kumwamsha msomaji. Nyimbo tatu zinatosha, nami nakushauri utunge wimbo mmoja wa pembeni, wa kuchekesha, wa kundi zima, kisha wimbo mmoja mkuu unaorudi ukiwa umebadilika.

Tumia mizani minane, yaani silabi nane kila mstari. Ni kipimo cha utenzi, kimezoeleka masikioni pwani nzima, na mstari mmoja unaingia katika pumzi moja ya mtoto bila kumchosha. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani huishia kwa silabi moja, na wa nne una kina chake kinachorudi kila ubeti. Huo hapa wimbo wa Kadzo, unaoimbwa sura ya 4:

*Nipe mkono tuvuke,*
*wimbi lisitufunike,*
*nami wewe nikushike,*
*hadi ng'ambo ya mkondo.*

Hesabu kwa kupiga twari: ni-pe-m-ko-no-tu-vu-ke. Ile "m" ya mkono inahesabiwa, ina pigo lake. Wengi huimeza, wakadhani mstari umepungua, wakaongeza neno, na wimbo wote ukachechemea.

Sasa sura ya 9, baada ya ugomvi. Somoe yuko peke yake darini. Sauti ni ileile, kina ni kilekile:

*Toa mkono nivuke,*
*wimbi na linifunike,*
*mtu na asinishike,*
*hadi ng'ambo ya mkondo.*

Mstari wa mwisho haukuguswa. Msomaji wa miaka kumi ataisikia tofauti bila kuambiwa, kwa kuwa sikio lake lilikuwa likingojea maneno ya kwanza. Hapa ndipo riwaya inaposhinda hata jukwaa: mtoto anaweza kufunua nyuma, akaweka kidole sura ya 4 na kingine sura ya 9, akalinganisha.

Mara ya tatu, sura ya 13, usiandike ubeti wote. Nitarudi hapo.

Tahadhari ya mila. Pwani ina hazina ya mapigo, nawe utatamani kuyatia yote. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, unafaa sana kwa wavulana wawili wanaotishiana jukwaani. Mwendo wa goma, polepole na bakora mkononi, unafaa kwa wazee wa mchezo. Lakini vugo na chakacha, ngoma za wanawake za arusini, vina mahali pake na umri wake, na kasida ni sifa za Mtume. Usiichukue kasida ukaitia maneno ya kuchekesha, wala usiifanye Maulidi ya Mfungo Sita kuwa pambo la nyuma ya hadithi. Kama mhusika wako amejifunza kuimba kwa kuitikia kasida chuoni, sema hivyo kwa heshima. Ni kweli kwa watoto wengi wa hapa, na inaeleza pumzi yao nzuri.

## Hatua ya 5: Fanya karatasi itoe sauti

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nenda polepole. Mfano dhaifu:

> Somoe aliimba kwa sauti tamu sana. Wimbo wake ulikuwa mzuri na kila mtu alifurahi. Kadzo alimwonea wivu.

Hakuna kilichosikika. "Tamu" na "nzuri" ni hukumu, na msomaji hakuwa ndani ya chumba ili aikubali. Sasa uleule, umeandikwa upya:

> Somoe alianza chini mno. Neno "mkono" likamkwama, akalitoa kwa nguvu, nalo likagonga ukuta wa pili likamrudia. Nje, punda akaacha kutafuna. Kadzo alikuwa ameshika siwa ya karatasi. Yeye, kila alipouimba, alivuta pumzi kabla ya "wimbi". Somoe hakuvuta. Alipitiliza mistari miwili kwa pumzi moja, na wimbo ukawa mrefu kuliko ulivyotungwa. Gundi ilikuwa haijakauka. Kadzo alipofungua vidole, karatasi ilibaki kiganjani.

Angalia kilichofanyika. Kuna pumzi. Kuna ukuta. Kuna mtu anayesikiliza kwa masikio ya fundi, anayejua pale yeye angepumua. Wivu haukutajwa, umekwama kiganjani pamoja na gundi. Na ukifunika wimbo huu kwa mkono, urafiki haujabaki ulivyokuwa: Kadzo amegundua kwamba mwenzake ameuboresha wimbo wake, na hilo linauma kuliko kama angeuharibu.

Kabla ya kuandika kila wimbo, jibu maswali haya kwenye daftari la pili:

- Mwili wa mwimbaji uko wapi, na umechoka kwa nini? Aliyepanda ngazi ya dari haimbi kama aliyeketi barazani.
- Kuta ni za nini? Kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani wa nyumba ya mawe, chokaa hurudisha sauti, na mtoto hujisikia mkubwa. Chini ya makuti sauti humezwa. Somoe aliyezoea kiwanda cha bibi yake atakapofanya mazoezi chini ya makuti atadhani sauti imemtoka. Hiyo pekee ni nusu ya sura.
- Nani anasikiliza, na anasikia nini ambacho wengine hawakisikii?
- Neno gani moja linakwama? Moja tu. Ukikwamisha matatu, msomaji atadhani mtoto ana kikohozi.
- Nini kinanyamaza wimbo ukianza?

Andika mistari miwili ya wimbo, kisha rudi kwa watu, kisha mistari miwili. Usiupange ubeti mzima peke yake isipokuwa mara ya kwanza kabisa, ambapo sikio linahitaji kuupokea wote.

Nyongeza kidogo kwa anayeandika juu ya wavulana. Mvulana wa miaka 12 au 13 sauti yake inaweza kuanza kuwa nzito katikati ya mazoezi. Leo anafika juu, kesho inakatika. Ni mtihani wa kweli usio na mkosaji, na sijaona mswada hata mmoja ulioutumia. Natamani kuusoma.

Umefaulu ukiona: ukijirekodi ukisoma sura na kuisikiliza kesho yake, unajua mahali mwimbaji alipopumua bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 6: Watu wazima wawe na sababu

Baba ya Somoe hataki binti yake aimbe jukwaani mbele ya wanaume. Katika miswada mingi baba huyu hupiga kelele sura ya 6, na sura ya 12 analia kwa furaha. Hakuna mzazi wa Lamu atakayejitambua hapo, na mtoto wake atajua kitabu hakikuandikwa kwa ajili yao.

Mpe sababu na umpe sauti ya chini. Kisha tafuta njia ambayo watu wa hapa kweli huipita. Shughuli za wanawake peke yao si jambo geni kwetu, arusi zimejaa. Mwalimu anaweza kuweka onyesho la mchana la kina mama na watoto, na lingine la jioni. Somoe anaimba la mchana tu. Na la jioni? Lazima mtu mwingine aimbe, na anayejua wimbo ni mmoja. Kizuizi cha baba kimegeuka kuwa mlango wa hadithi, na hapana aliyeshindwa.

Katika mazungumzo, tia Kiamu kidogo: "ndoo" kwa njoo, "mato" kwa macho, "moya" kwa moja. Msimulizi abaki na Kiswahili sanifu, ili mtoto wa Garissa au Nakuru asipotee. Kigiriama cha Kadzo usikikisie. Mwendee mwenye lugha akusahihishe.

## Hatua ya 7: Siku ya onyesho, andika sehemu mbili tu

Usisimulie onyesho zima. Msomaji alikuwapo kwenye mazoezi, anaujua mchezo. Chagua nyuma ya pazia kabla ya kuingia, na dakika moja jukwaani.

Nakuomba, umeme usikatike. Katika kila mswada wa tatu hukatika, na mtoto huimba gizani, na watu huwasha simu. Kitakachotokea kitoke mikononi mwa wahusika.

Somoe yuko jukwaani mchana, mbele ya kina mama. Anaimba "Nipe mkono tuvuke", anafika mwisho wa mstari, na safari hii anasimama. Anavuta pumzi kabla ya "wimbi", pale Kadzo alipokuwa akivuta. Katika ukimya huo anageuka upande wa pazia, akanyoosha mkono. Kadzo hayumo kwenye sehemu hiyo. Ameshika siwa, maleba yake hayajafungwa mgongoni.

Maneno ya wimbo yaliyobaki usiyaandike. Msomaji anayajua, atayaimba mwenyewe, na atachagua kati ya ya sura ya 4 na ya sura ya 9. Andika tu nani ametangulia kufungua kinywa.

Tahadhari: hakuna msamaha wa maneno jukwaani. Somoe aseme "wimbo ni wake" baadaye, kwa mwalimu, kwa sauti ya kawaida, na iwe vigumu kusema hata baada ya makofi.

## Hatua ya 8: Wasomee watoto kwa sauti

Kaeni barazani, soma sura ya 4, ya 9 na ya 13 kwa siku tatu mbalimbali. Usiimbe. Soma mistari ya wimbo kwa mapigo yake tu, ukigusa kidole kwenye goti. Ukiimba vizuri, watausifu uimbaji wako na hutajua kama kitabu kinafanya kazi.

Shika kalamu ya risasi. Weka nukta pale mtoto anapocheza na kandambili yake, na mstari pale anaponyamaza. Usiulize kama wameipenda. Waulize Kadzo alikuwa akipumua wapi.

Palipo na nukta tatu pamoja, kata. Mara nyingi ni pale ulipoeleza wimbo baada ya kuimbwa. Nukta zikianza kabla ya wimbo, tatizo liko hatua ya 3: watoto hawajui mazoezi yamefika wapi. Zikianza ndani yake, rudi hatua ya 5 ukatafute lile neno moja linalokwama.

Kisha ngoja siku mbili, upite wanapochezea bila kuwaambia. Ukimkuta mmoja anaimba "nipe mkono" na mwingine anamjibu "toa mkono", tena kwa sauti waliyoitunga wenyewe, anza kunakili mswada safi.